Kamera Ufukweni: Ufundi wa Filamu za Mawimbi

Filamu ya mawimbi humfuata mtu aliyesimama juu ya ubao, akiteleza na wimbi kuelekea ufukweni. Haina jambazi wa kukamatwa wala harusi ya kufungia hadithi. Mhusika wake mkuu ni bahari, na bahari haipokei maelekezo ya mwongozaji. Kazi hii ilianza kama biashara ndogo pwani ya California na visiwani Hawaii baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Walioikuza hawakuwa watu wa sinema. Mmoja alikuwa mwalimu wa shule, mwingine mwanamaji aliyetoka kwenye nyambizi, wengine vijana tu waliokuwa wakishinda pwani tangu asubuhi. Waliipenda bahari kwanza, kamera ikaja baadaye. Kwao burudani ya likizo iligeuka kazi ya maisha, na ndani ya miaka kama 20 walikuwa wamejenga ufundi wenye kanuni zake, unaostahili kusifiwa kwa haki yake wenyewe na si kama kibarua cha pembeni cha Hollywood.

Mchezo wenyewe ni wa kale. Wenyeji wa Hawaii na visiwa vingine vya Polinesia walikuwa wakiteleza juu ya mawimbi, machifu na raia wa kawaida, karne nyingi kabla meli za Ulaya hazijafika. Mwanzoni mwa karne ya 20 mchezo ulienezwa ng'ambo na watu kama Duke Kahanamoku, bingwa wa kuogelea aliyepata dhahabu za Olimpiki mwaka 1912 na 1920, ambaye pia aliwaonyesha Waaustralia namna ya kuteleza karibu na Sydney katika majira yao ya joto ya 1914 na 1915. Ila si Polinesia peke yake. Afisa Mwingereza James Alexander, aliyepita Accra miaka ya 1830, aliandika jinsi alivyowaona wavulana wakiingia baharini na vibao vyepesi chini ya matumbo yao, wakingoja wimbi kisha wakirudishwa nalo pwani. Habari hiyo ya Accra itafaa kukumbukwa mbele kidogo.

Anayehesabiwa kuwa wa kwanza kuuza tiketi za filamu ya mawimbi ni Bud Browne, aliyezaliwa mwaka 1912 na kufariki 2008. Alikuwa muogeleaji hodari, akafanya kazi ya kuokoa watu baharini, kisha akawa mwalimu. Mwaka 1953 alikodi ukumbi wa shule moja huko Santa Monica, akaweka kiingilio cha senti 65, akaonyesha picha alizopiga Hawaii. Ukumbi ulijaa. Baada ya hapo akawa anatoa filamu mpya karibu kila mwaka. Majira ya mawimbi makubwa alikuwa Hawaii na kamera yake, kisha akirudi alisafiri mji hadi mji kwenye pwani ya California akiwa na projekta, mabango na sanduku la chenji. Alipiga picha mwenyewe, akakata na kuunganisha mwenyewe, akabandika matangazo kwenye nguzo, akakusanya hela mlangoni, na mwishowe akapanda jukwaani kushika maikrofoni.

Watazamaji wake hawakuwa wapole. Kumbi hizo zilijaa vijana waliokesha wakizungumza mawimbi, waliopiga miguu sakafuni na kupaza sauti mtu akianguka vibaya kwenye kioo. Wengi walizijua pwani zile jiwe kwa jiwe. Mpiga filamu akiunganisha mwanzo wa wimbi la pwani moja na mwisho wa wimbi la pwani nyingine, kelele za kumzomea zilimfikia hapohapo alipo. Ufundi mwingi duniani umenolewa na wateja wakali, na huu ni mmojawapo.

Ili kuuelewa ugumu wa kazi, lazima kuitazama kamera iliyotumika. Iliyopendwa zaidi na wapiga filamu wa kujitegemea enzi hizo ilikuwa aina ya Bolex, chombo cha Uswisi chenye kutumia mkanda wa milimita 16. Haikuwa na betri. Ilitiwa ufunguo kama saa ya ukutani, na ufunguo ukijazwa hadi mwisho uliendesha mkanda kwa muda usiofika nusu dakika kwa mwendo wa kawaida wa picha 24 kwa sekunde. Baada ya hapo kamera ilinyamaza, mwenyewe akashika mpini kuujaza upya huku wimbi zuri kuliko yote likipita. Gurudumu moja la mkanda lilikuwa na futi 100, yaani karibu picha 4,000, zisizozidi dakika mbili na sekunde 46. Aliyetaka mwendo wa taratibu, ule unaofanya matone ya maji yaonekane yakining'inia hewani, aliongeza kasi ya kamera hadi picha 64 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo gurudumu zima liliisha kwa dakika moja tu na ushee. Mkanda uligharimu pesa, kuusafisha maabara kuligharimu pesa nyingine, na sauti haikuingia hata kidogo.

Basi swali la kwanza la fundi lilikuwa: nianze lini? Mawimbi huja kwa mafungu. Kati ya fungu na fungu bahari hulala, na watelezaji hukaa juu ya mbao zao wakiangalia upeo. Aliye pwani nyuma ya lenzi ndefu anaona kile wanachokiona wao, ila kwa kuchelewa kidogo. Akibonyeza mapema, mkanda unakwisha kabla mtelezaji hajasimama. Akichelewa, anakosa ule mpigo wa kusimama, na bila huo mtazamaji hapati raha ya kilichobaki. Waliobobea hawakuliangalia wimbi, bali mabega ya watelezaji. Mtu anayekusudia kulishika wimbi hugeuza ubao na kulaza kifua kabla wimbi halijaanza kuinuka machoni pa aliye nchi kavu. Ishara hiyo ndogo ndiyo iliyookoa mikanda mingi.

Swali la pili lilikuwa la mwanga na upepo. Jua likiwa mgongoni kwa mpiga picha, uso wa wimbi hung'aa na kuonyesha rangi zake. Likiwa mbele, wimbi huwa ukuta mweusi na mtelezaji kivuli tu. Pwani za California hutazama magharibi au karibu na hivyo, kwa hiyo asubuhi ndiyo saa ya kazi. Na asubuhi ina fadhila nyingine wanayoijua vizuri wavuvi wa Afrika Mashariki: umande, upepo wa alfajiri utokao bara kwenda baharini. Upepo huo ukilipiga wimbi usoni hulizuia lisianguke upesi, hulisimamisha na kulilainisha hadi likawa kama kioo, na hurusha nyuma yake pazia la rasharasha. Jua likishapanda, upepo wa baharini huingia, maji yakachafuka, kazi ikaisha. Ndiyo maana wapiga filamu hawa walilala ndani ya magari pembeni mwa fukwe. Watu waliwadhania wavivu, nao walikuwa wanaamka saa kumi na moja.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuingia majini na kamera. Browne alijitengenezea kasha la kuzuia maji na kuogelea nalo katikati ya mawimbi, na hapo picha ikabadilika. Kutoka pwani wimbi linaonekana kama mandhari, lakini kutoka majini lina uzito wa kutisha. Aliyelifikisha jambo hili mbali zaidi ni George Greenough wa Santa Barbara, mtu wa kupiga magoti juu ya ubao mfupi na kutembea pekupeku, asiyependa sifa za magazeti. Greenough alifunga mgongoni kamera yenye kasha zito, zaidi ya kilo kumi, akaingia nayo ndani ya mkunjo wa wimbi, mahali ambapo maji yanapinda juu ya kichwa na kufanya handaki linalokimbia. Katika The Innermost Limits of Pure Fun, filamu yake ya mwaka 1970, watu wa nchi kavu waliona kwa mara ya kwanza lile analoliona mtelezaji kwa sekunde chache: duara la mwanga mbele, ukuta wa maji ubavuni, na dari linaloporomoka nyuma. Mwaka 1973 picha zake za aina hiyo zilijaza sehemu ya mwisho ya Crystal Voyager, zikipita taratibu juu ya muziki wa kundi la Pink Floyd kwa zaidi ya dakika 20 bila neno. Ni vigumu kutaja kipande kingine cha filamu ya michezo kilichothubutu kukaa mahali pamoja muda wote huo, tena bila mshindi wala mshindwa.

Hata hivyo jina lililovuka mipaka ya pwani ni la Bruce Brown. Alizaliwa San Francisco mwaka 1937, akakulia Long Beach, akaingia jeshi la majini na kupangiwa Hawaii, ambako alianza kupiga filamu za rafiki zake wakiteleza. Mwaka 1958 alitoa Slippery When Wet, yenye muziki wa jazi wa Bud Shank, kisha akaendelea na filamu moja kila mwaka hadi 1962. Hapo akagundua tatizo ambalo kila mtumwa wa ratiba analijua: haraka ya kutoa kazi ya mwaka ujao ilikuwa inaila kazi yenyewe. Akaamua kutumia miaka miwili kwa filamu moja.

Wazo lilikuwa jepesi. California ikiingia baridi, nusu ya kusini ya dunia inaingia joto. Mtu mwenye muda na nauli anaweza kulifuata jua kutoka pwani hadi pwani, asilione baridi hata siku moja. Hilo si jambo geni kwa masikio ya Waswahili. Majahazi yalisafiri karne kwa karne kwa hesabu ya kaskazi na kusi, na nahodha aliyekosea majira alikaa bandarini miezi. Tofauti ni kwamba Brown na vijana wake wawili, Robert August na Mike Hynson, hawakuwa na shehena yoyote zaidi ya mbao zao. Inasemekana hata mzunguko wa dunia nzima ulitokana na hesabu ya nauli: walipouliza bei ya kwenda Cape Town na kurudi, wakaambiwa kuizunguka dunia kungekuwa rahisi zaidi kwa dola 50.

Waliondoka mwishoni mwa 1963. Walipita Senegal, Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, Australia, New Zealand, Tahiti na Hawaii. Bajeti yote ya filamu, iliyopewa jina la The Endless Summer, yaani majira ya joto yasiyokwisha, ilikuwa takriban dola 50,000. Hakukuwa na watu wa taa wala wa sauti, wala mwandishi wa mazungumzo. Sauti zote ziliongezwa nyumbani: muziki wa gitaa wa kundi la The Sandals, na juu yake maelezo ya Brown mwenyewe.

Maelezo hayo ndiyo yanayoipa filamu uhai. Brown alikuwa amezoea kusimulia papo kwa papo ukumbini, jioni baada ya jioni, mbele ya watu wanaozomea. Msimulizi wa namna hiyo hujifunza mambo yasiyofundishwa darasani. Hujua kicheko kinachukua sekunde ngapi kutulia, na neno linalofuata lisubiri hadi hapo. Hujua pia kwamba kuyaeleza yanayoonekana ni kumtukana mtazamaji, kwa hiyo husema yale ambayo macho hayawezi kuyapata: maji yalikuwa na ubaridi gani, mwamba uko kina gani chini ya ubao, mtelezaji yule jana yake alifanya upuuzi gani. Zaidi ya yote hujua kunyamaza. Katika kilele cha filamu, vijana wanavuka vilima vya mchanga vya Cape St. Francis, Afrika Kusini, wakakuta mawimbi madogo yamejipanga moja baada ya jingine, yanajikunja kwa unadhifu kama yaliyochongwa kwa mashine. Picha inamfuata mtelezaji, wimbi linazidi kwenda, anazidi kwenda nalo, na Brown anaachia nafasi. Kisha anasema maneno machache kwa sauti ya mtu asiyeshangaa. Mwingine angepiga kelele za mtangazaji wa mpira, akaharibu kila kitu.

Wasambazaji wa filamu hawakuiamini. Walisema ni burudani ya watu wa pwani, haitavuka maili kumi kutoka baharini. Brown akaipeleka Wichita, jimbo la Kansas, katikati kabisa ya nchi ya Marekani, wakati wa baridi kali, na kwa wiki mbili ukumbi ukajaa watu ambao wengi wao hawakuwa na bahari ya kwenda. Bado wasambazaji wakasitasita. Akakodi ukumbi wa Kips Bay jijini New York mwaka 1966, filamu ikakaa hapo karibu mwaka mzima, na baada ya hapo ikazunguka dunia. Bango lake la rangi ya waridi na machungwa, vivuli vitatu vya watu na jua moja, lililochorwa na John Van Hamersveld, hadi leo linatundikwa ukutani na watu wasiowahi kuiona filamu yenyewe. Mwaka 2002 The Endless Summer iliingizwa kwenye orodha ya filamu za Marekani zinazohifadhiwa kwa thamani yake ya kitamaduni.

Sifa hizo hazifuti doa lake, nalo linahusu Afrika. Senegal na Nigeria zilikuwa na miaka mitatu tu ya uhuru, Ghana sita, lakini msafara unapita humo kana kwamba unaingia katika ramani tupu. Ufukweni Ghana watoto wanakusanyika kwa mamia, wengine wanaujaribu ubao, na msimulizi anawafanyia mzaha kama watu wanaouona mchezo huu kwa mara ya kwanza tangu kuumbwa kwa dunia. Wavulana aliowaona Alexander hapohapo Accra zaidi ya karne moja nyuma hawamo katika habari yake. Afrika Kusini ni hivyohivyo. Sheria za ubaguzi zilikuwa zimegawa hata fukwe, nayo filamu inaligusa jambo hilo kwa kijembe kimoja kinachohusu papa na pomboo, ikaendelea na safari. Sauti ileile iliyojua kunyamaza mahali pa kunyamaza ilinyamaza pia mahali pa kusema. Kasoro hii si ya kamera. Kamera iliwaona watoto wa Ghana vizuri kabisa, na nyuso zao ni miongoni mwa picha zenye uchangamfu kuliko zote humo. Kasoro ni ya aliyeandika maelezo akiwa amerudi nyumbani, mbali na yeyote ambaye angemrekebisha.

Ufundi wa kusimulia picha hai si wa California pekee. Japani ilikuwa na wasimulizi wa filamu bubu, walioitwa benshi, ambao majina yao yaliandikwa kwenye mabango na kuvuta wateja kama ya waigizaji. Afrika Mashariki nayo ina jamaa zao. Katika vibanda vya video vya Dar es Salaam, Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alijipatia umaarufu kwa kuzitafsiri na kuzisimulia kwa Kiswahili filamu za Marekani, Hong Kong na India, na huko Kampala VJ Jingo na wenzake wamefanya vivyo hivyo kwa Kiganda. Wasimulizi hawa huchomeka majina ya mitaa, humpa jambazi lafudhi ya jirani, humpigia kelele shujaa anayechelewa kugeuka. Wasomi waliwahi kuwaona kuwa wanaharibu filamu za watu. Anayemsikiliza Brown kwa makini ataona kwamba kazi ni ileile: picha imepigwa mbali, mtazamaji yuko hapa, na mtu mmoja anasimama katikati kuviunganisha. Lufufu alikuwa na mzigo mkubwa zaidi, kwa kuwa picha hazikuwa zake na lugha ya mwanzo haikuwa ya wasikilizaji wake.

Hollywood ilijaribu njia yake. Mwaka 1959 ilitoa Gidget, hadithi ya msichana anayejifunza kuteleza huko Malibu, na fukwe zikafurika wageni. Waigizaji waliwekwa mbele ya pazia lenye picha ya mawimbi, wakayumbayumba bila kulowa nywele, jambo lililowachekesha sana watoto wa pwani. Big Wednesday ya John Milius, mwaka 1978, ilikuwa na heshima zaidi. Bruce Brown mwenyewe aligeukia pikipiki, na On Any Sunday ya mwaka 1971, aliyomshirikisha mwigizaji Steve McQueen, ikapendekezwa kugombea tuzo ya Oscar. Huko Australia, Alby Falzon alikataa maelezo kabisa: katika Morning of the Earth ya mwaka 1972 hakuna msimulizi, ni picha na nyimbo tu, na ndiyo filamu iliyoyaonyesha kwa ulimwengu mawimbi ya Uluwatu kisiwani Bali. Kimya cha Falzon si uvivu. Alikata picha zake kufuata mapigo ya muziki kwa uangalifu mkubwa, ingawa ukweli ni kwamba vipande kadhaa vya watu wakipika na kuchonga mbao vimechujuka na wakati.

Siku hizi kamera isiyoingia maji inatosha kiganjani, na ndege ndogo zisizo na rubani huning'inia juu ya bahari kwa bei ya simu nzuri. Kijana mmoja kwa asubuhi moja anaweza kukusanya picha nyingi kuliko alizorudi nazo Brown kutoka kuizunguka dunia. Kilichopungua bei ni mkanda. Kungoja bei yake ni ileile. Tarehe 29 Julai 2024, katika mashindano ya Olimpiki ya Paris yaliyofanyika kwa upande wa mawimbi huko Teahupo'o, Tahiti, Jérôme Brouillet wa shirika la AFP alikuwa ndani ya boti wakati Mbrazili Gabriel Medina alipomaliza wimbi lake. Kutoka pale alipokuwa hakuweza kumwona Medina akiwa usoni mwa wimbi. Alijua kwamba watelezaji wengi hutoka kwa kuruka juu ya mgongo wa wimbi wakifurahia, akaelekeza kamera patupu na kungoja. Medina akachomoka, amesimama wima hewani kidole juu, na ubao wake wima ubavuni. Picha ilienea dunia nzima kabla ya usiku kuingia. Maelfu walidhani ni ujanja wa kompyuta.

Pwani ya Waswahili haina mawimbi mengi ya aina hiyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya ufuo imekingwa na miamba ya matumbawe inayolivunja wimbi mbali na nchi kavu. Ina matanga. Mashindano ya majahazi Lamu na resi za ngalawa Unguja hukusanya kila kinachohitajika na fundi wa aina hii: chombo kinachotegemea upepo, mtu anayetoa mwili wake wote nje ya ubavu kukiweka sawa, mashabiki wenye maneno makali, na saa chache tu za mwanga mzuri. Anayekusudia kupiga picha zake asikimbilie ndege ya kurushwa. Aanze chini, maji yakimfika magotini, jua likiwa mgongoni, na tanga zima limo ndani ya picha ili foromali ikizungushwa wakati wa kubisha ionekane inavyopita upande wa pili. Apige vipande vifupi, kila kimoja chini ya nusu dakika, akilazimika kuchagua hata kama simu yake ina nafasi ya saa kumi. Maelezo ayaandike akiwa bado hapohapo na wenyeji, kwa maneno yao, si baada ya kurudi mjini. Na akishamaliza kuunganisha, kabla ya kuitupia mitandaoni, awaonyeshe kwanza manahodha wenyewe barazani, kwa kuwa wao watajua palipokosewa na hawatamficha.